Dirisha Dogo Katikati

Kaka yangu Cishugi anafanya kazi na reki
pale ziwa linapoishiwa upana
na kuanza kuwa Ruzizi.
Anakwangua chupa, ndala, mifuko ya sukari,
kila kitu ambacho Bukavu imekisahau mlimani
na mvua ikakikumbuka.
Visipotolewa, mtambo unakabwa koo
na mji mzima unapapasa kiberiti.

Mimi ni dobi wa hospitali.
Zamani nilifua mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji,
mazito, yenye dirisha dogo katikati
ambamo daktari huchungulia tumbo la mtu.
Damu huondoka kwa maji baridi, usidanganywe na sabuni.
Kisha yakaja maboksi kutoka ng'ambo:
mashuka ya buluu ya kutumia mara moja,
mepesi kama ganda la kitunguu.
Beseni zangu zikakauka, buibui akahamia.
Wakaniambia: Nankafu, sasa pumzika.
Pumziko gani! Nikapewa mifuko ya kubeba
hadi kwenye tanuru la mzee Bagalwa,
ambaye kikohozi chake hufika kazini kabla yake.

Siku ya mvua tanuru halishiki moto.
Mifuko inasubiri kando ya ukuta.
Ukuta una tundu. Chini ya tundu kuna mfereji.
Anayeijua Kadutu
anajua maji yake yanakwenda wapi.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne umeme ulikatika
M'Mugaruka akiwa wazi mezani,
mtoto hajatoka.
Jenereta ilikohoa kama Bagalwa, ikanyamaza.
Wakaniita. Nilishika tochi ya simu
juu ya bega la daktari Birindwa,
mkono wangu ukitetemeka, mwanga ukitetemeka,
mkono wake umetulia.
Mwanga wote tulimwachia mama.
Mtoto alilia gizani, pembeni,
na vidole vyake tulivihesabu kwa kugusa.
Kumi. Tukahesabu tena.

Alfajiri Cishugi akaingia, suruali imelowa hadi kiunoni.
"Jana usiku mtambo ulikabwa," akasema. "Angalia."
Akatandaza mezani, kando ya bugali wa jana,
shuka la buluu.
Dirisha dogo katikati.

Sikusema neno. Nilimmiminia chai.
Mkono uliotetemeka usiku ulitetemeka tena,
chai ikamwagika kwenye sahani.

Nililipeleka kwa Masœr Nshobole, mkuu wa chumba,
nikaliweka juu ya karatasi zake, bado linanuka tope.
Hakufoka. Alifungua daftari la shule,
la mistari, lenye picha ya twiga,
akaandika: *Kilichofunguliwa. Kilichotumika.*
Wiki ya kwanza peke yake:
pakiti arobaini za shashi zimefunguliwa,
kumi na tisa hazikugusa mtu.
Nyuzi zimechanwa kwa mazoea.
Mikasi mipya imetupwa, mikasi ya chuma iko kabatini
inangoja mvuke.

Ndipo Bisimwa, fundi wa usingizi, mtu wa maneno machache,
akasema: "Na gesi yangu je?
Hiyo haipiti mferejini. Inapanda,
inatufunika kama blanketi ambalo hatukuliomba."
Siku hizi anafungua bomba kidogo kidogo,
na kwa mguu uliovunjika anachoma sindano ya mgongo;
mgonjwa analala macho, anasimulia habari za mbuzi wake.

Sidanganyi. Glovu bado tunatupa.
Sindano bado tunatupa, na tutatupa,
kuna uchafu ambao ni bei ya mtu kuamka.
Bagalwa bado anakohoa,
ila Jumanne na Ijumaa tanuru linalala naye analala.
Tundu la ukuta limezibwa kwa jiwe la volkano
ambalo mtu alilileta kutoka Goma, sijui kwa nini.

Na beseni zangu zimejaa.
Maji baridi kwanza. Kisha moto, kisha mvuke.
Mikono imerudi kuchubuka, naifurahia.

Jana nilimwuliza Cishugi reki imeshika nini.
"Chupa," akasema. "Ndala. Mifuko."
Nikangoja.
Akachovya tonge kwenye sombe,
akaendelea kula.